Kabla ya Msamba, Nguvu: Niliyojifunza Kwenye Nguzo Yetu ya Uani, Kigoma

Mimi ni fundi cherehani, Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu ni ya kukaa. Tangu asubuhi mpaka jua linapoelekea ziwani, mgongo umejikunja, mabega yamekuja mbele, mguu uko kwenye pedali. Jioni nacheza nguzo, yaani mazoezi ya kupanda na kujizungusha kwenye bomba la chuma lililosimama wima. Nilianza nilipokuwa naishi Dar es Salaam, kwa mwalimu aliyekuwa na saa zake za wanawake peke yao kwenye jimu, na niliporudi nyumbani mchezo ukarudi nami. Sasa tuko kikundi kidogo uani: muuza vitenge, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, na mama mmoja anayenyonyesha. Hatushindani wala hatulipwi. Tunataka mwili wenye afya, na ile furaha ya kujikuta hewani umeshikwa na mikono na mapaja yako mwenyewe.

Kila anayekuja mara ya kwanza ananiuliza jambo lilelile: nitapiga lini msamba? Ameziona picha, miguu imenyooka huku na huku kama kamba ya kuanikia nguo, naye anaamini kwamba ulaini ndio mlango wa mchezo. Nami namjibu kwamba ulaini ni mzuri, nautafuta mwenyewe kila wiki, lakini kwenye nguzo unakufaa kwa kiasi kile tu ambacho misuli yako inaweza kuushika. Mguu unaofika mbali kwa kuvutwa na mkono, ukiuachia unaanguka. Mguu ule ule ukiufikisha kwa nguvu zake wenyewe, unabaki pale ulipouweka. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo kazi yetu yote, na ndiyo niliyokuja kuiandika hapa.

Kwanza niseme kuhusu nguzo yenyewe, maana huko ndiko usalama unakoanzia. Nyumba zetu nyingi huku zina dari la mbao nyembamba au jipsamu, na nguzo zile zinazosimama kwa kukaza kati ya sakafu na dari zinahitaji zege juu. Kwa hiyo tuliweka yetu uani, chini ya banda la chuma. Fundi wa kuchomelea alikuja na bomba la inchi mbili, nikamrudisha. Bomba hilo kwa nje lina milimita 60 na zaidi kidogo, na kiganja cha mwanamke hakilizunguki vizuri. La inchi moja na nusu lina milimita 48 kwa nje, na nguzo nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu ni za milimita 45 au 50. Tukachukua la stenlesi, chini likazikwa kwenye zege, juu likachomelewa kwenye mwamba wa banda. Kabla mtu hajapanda tulining'iniza magunia ya mchanga mazito kuliko yeyote kati yetu, kwa sababu mtu anapozunguka au kujirusha, chuma kinabeba zaidi ya uzito wake wa kwenye mizani.

Mama mwenye nyumba alipoiona alisimama kando muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ya bendera?"

"Ni ya mazoezi mama. Tunaipanda."

"Mnapanda kwenda wapi?"

Nikamweleza. Sikumficha kwamba mtindo unaojulikana zaidi duniani umepitia kwenye kumbi za usiku za Ulaya na Marekani, na kwamba wanawake wa huko ndio waliotupa sehemu kubwa ya mikao tunayoifanya. Nikamweleza pia kwamba India, hasa Maharashtra, kuna mallakhamb, mazoezi ya nguzo ya mbao ambayo wanamieleka walijijengea nguvu kwayo, na kwamba wanasarakasi wa China wana nguzo yao ya kupanda. Mwaka 2009 liliundwa shirikisho la kimataifa la michezo ya nguzo, na mwaka 2017 likapewa hadhi ya mwangalizi kwenye umoja wa mashirikisho ya michezo duniani. Mama alisikiliza, kisha akauliza la maana kuliko yote: nani atatuona? Uani kuna ukuta, wanaume hawaingii saa ya mazoezi, na simu zinabaki ndani. Hilo la simu tumelishika mpaka leo. Mwanamke anayejua hapigwi picha hufanya zoezi kwa uhuru, na huacha pale mwili unapokataa.

Nirudi kwenye msamba. Mtu anayekaa sana, awe fundi nguo, karani au dereva, kinachomzuia mara nyingi ni mguu wa nyuma kuliko wa mbele. Misuli inayopita mbele ya nyonga imezoea kukaa imekunjwa. Nikiwafundisha wenzangu naanza hapo: goti moja kwenye mkeka, mguu mwingine mbele, mgongo wima. Kisha kaza tako la upande wa goti lililo chini na uvute mfupa wa kinena kuelekea kitovu. Mwendo wenyewe ni mdogo, mtu aliyesimama pembeni anaweza asiuone, lakini utasikia mvuto juu kabisa ya paja, pale mfuko wa suruali unapoishia. Ukisukuma nyonga mbele tu bila kukaza, kiuno ndicho kinachopinda na nyonga inabaki ilivyo. Ukimaliza mazoezi kiuno kinauma, na msamba haujasogea.

Mpangilio nao una sababu. Tunaanza kwa kupasha mwili: kutembea haraka kuzunguka uani, kuruka kamba, kuzungusha mabega na nyonga, kurusha miguu mbele na pembeni kwa utaratibu, mpaka jasho jembamba litoke. Kisha tunapanda nguzo. Kujinyoosha kwa kukaa mkao mmoja muda mrefu tunakuacha mwisho. Msuli uliovutwa zaidi ya dakika moja bila kutikisika hupungukiwa nguvu kwa muda, na mtu anayetaka kugeuka kichwa chini hahitaji mapaja yaliyopungukiwa nguvu. Mwisho wa mazoezi, mwili ukiwa bado una joto, tunashika kila mkao kama sekunde 30, tunapumzika, tunarudia mara mbili au tatu kila upande. Siku mbili tatu kwa wiki zinatosha kuleta mabadiliko. Anayefanya hivyo miezi kadhaa kwa utulivu humpita anayejilazimisha kila usiku, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Na kabla ya kukunja mkeka tunaongeza kitu ambacho wengi hukiruka. Ukiwa kwenye mkao wa mwisho, sukuma kisigino chini kama unataka kutoboa sakafu, hesabu mpaka saba, legeza, utaona mwili unashuka kidogo zaidi. Kisha simama, inua mguu mbele bila kuushika, na ubaki nao juu. Unatetemeka. Ule mtetemo ni msuli unajifunza kushika mahali ambapo jana ulikuwa mgeni. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye msamba wake bado uko kiganja kimoja juu ya sakafu, anainua mguu hewani kuliko mimi, na akiwa juu ya nguzo mikao yake ni safi kuliko ya yeyote kati yetu.

Rafiki yetu muuza vitenge alikuja akiwa tayari anapiga msamba. Tangu utotoni, anasema, bila kufundishwa. Muuguzi alimtazama kwa makini akamwomba ajaribu vitu vidogo: akunje kidole gumba mpaka kiguse mkono kwa ndani, juu ya kifundo, arudishe kidole kidogo nyuma, anyooshe viwiko na magoti, ainame aweke viganja bapa chini bila kukunja magoti. Vyote alivifanya kirahisi, na viwiko na magoti yake hupinda kwenda nyuma yakinyooshwa. Wahudumu wa afya wana kipimo cha alama 9 kwa mambo hayohayo, na mtu mzima anayefikisha 5 au zaidi huhesabiwa kuwa na viungo vilegevu kupita kawaida. Si ugonjwa kwa lazima, wengi wanaishi nao vizuri. Lakini kwake kujivuta zaidi hakuongezi kitu anachokikosa. Anachokikosa ni kukaza.

Baada ya muda akaanza kulalamika maumivu chini ya tako, pale kwenye mfupa wa kukalia. Yalizidi akikaa kwenye benchi dukani, na yalizidi akijinyoosha. Watu wakamwambia ajinyooshe zaidi ili pafunguke. Muuguzi akakataa katakata na kumpeleka kwa mtaalamu wa viungo, ambaye alisema kano ya misuli ya nyuma ya paja, pale inapojishika kwenye mfupa, imechoshwa. Dawa ilikuwa kuacha msamba kwa kipindi, kukalia mto, na kuijengea kano ile nguvu polepole: kulala chali na kuinua nyonga na kukaa juu, baadaye kwa mguu mmoja, baadaye kuinama na kuinuka na ndoo ya maji mikononi mgongo ukiwa umenyooka. Kano hazina haraka, huchukua miezi. Rafiki yangu aliifuata ile ratiba kwa uvumilivu ambao nauheshimu sana. Leo anapiga msamba tena, ila anashuka nao kwa kujizuia, bila mikono, na anaweza kusimama katikati ya njia ukimwambia asimame.

Kwa hiyo maumivu tunayasikiliza kwa aina zake. Ule uchovu wa misuli unaokuja kesho yake na kuzidi siku ya pili, kisha ukaondoka, ni wa kawaida. Mvuto mpana katikati ya msuli, unaopungua ukirudi nyuma kidogo, nao ni wa kawaida. Kuchomwa mahali pamoja, kubanwa mbele ya nyonga, maumivu ndani ya kiungo, hapo tunaacha. Ganzi na mwasho unaoshuka nyuma ya goti mpaka unyayoni ni mshipa wa fahamu unalalamika, na mshipa wa fahamu haupendi kuvutwa kama msuli. Legeza vidole vya mguu, kunja goti kidogo, usishindane nao.

Mabega ndiyo ninayoyahofia kuliko nyonga, ingawa wachache huniuliza habari zake. Mtu anashika nguzo, ananing'inia, mabega yamepanda mpaka masikioni, uzito wote umeachiwa kano na mishipa inayofunga kiungo. Sisi tunaanza chini, miguu ikiwa bado inagusa ardhi: shika, vuta mabega yashuke mbali na masikio, hesabu, legeza. Hilo likizoeleka ndipo miguu inainuka. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa, ule ule wa kufungia mizigo, unatupa zoezi zuri kupita kifaa cha dukani. Funga kwenye nguzo usawa wa kiuno, banisha kiwiko ubavuni, zungusha mkono kwenda nje ukiuvuta polepole, urudi polepole zaidi. Kipande chembamba zaidi tunakizungusha kwenye vidole vya mkono mmoja na kuvifungua dhidi yake, kwa sababu kazi ya nguzo ni kufumba tu, na viwiko vya wengi huuma kwa ndani kutokana na kufumba kusiko na mwenzake.

Kugeuka kichwa chini hakuruhusiwi kwetu mpaka mtu aweze kuinua nyonga bila kuruka, kulia na kushoto, chini kuna godoro na pembeni kuna mtu. Na ile mikao ya kushika kwa mkono uliosokotwa, ambapo kiganja cha juu kimegeuzwa na uzito wote unapita kwenye kifundo na kiwiko, sisi hatuifanyi. Inapendeza kwenye video. Kwa mtu anayetaka kesho kushona, kuandika ubaoni au kubeba mtoto, naona haina faida inayolingana na hatari yake.

Upande wa kushoto nausisitiza mpaka wananichoka. Kila zoezi tunaanza na upande ulio dhaifu, na ule wenye nguvu haupati marudio zaidi ya mwenzake.

Ngozi nayo ni sehemu ya mchezo. Ndiyo inayoshika chuma, na ndiyo maana tunavaa kaptula, kanga ikisubiri kwenye kamba. Kigoma ni mji wa mawese. Mtu ametoka kukaanga dagaa, amepaka mafuta miguuni baada ya kuoga, halafu anataka kupanda: atateleza mpaka chini. Siku ya mazoezi mafuta yanapakwa usiku, baada ya nguzo. Mikono na mapaja tunaosha kwa sabuni, na bomba tunalifuta kwa kitambaa chenye spiriti kati ya mtu na mtu. Poda ya mtoto usiijaribu, inatelezesha. Anayetoka jasho sana viganjani atumie chaki ya wanasarakasi, ile ya magnesiamu, kidogo tu. Masika nguzo huamka na umande, na kiangazi chuma kilichopigwa jua la mchana kinaunguza, kwa hiyo saa yetu ni jioni, kivuli kikishafika.

Mapaja kwa ndani huvilia damu mwanzoni. Alama hizo hupungua ngozi ikizoea, na kitambaa cha maji baridi husaidia siku ya kwanza. Ila mtu anayevilia bila kugongwa popote akapimwe, hilo halihusiani na nguzo. Sugu za viganjani tunazilainisha kwa jiwe la kusugulia miguu baada ya kuoga, kwa sababu zikinenepa sana huchanika, na kiganja kilichochanika kinakukalisha wiki nzima.

Kupumzika kwangu si zawadi baada ya kazi, kumo ndani ya ratiba. Misuli ileile tunaipa kama saa 48 kabla ya kuitumikisha tena kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu walau siku mbili. Nguzo inatimiza hizo siku mbili za nguvu, na mwendo tunaupata kwa miguu. Kutoka Mwanga kushuka mpaka Kibirizi na kupanda kurudi ni mazoezi kamili ya mapafu, na nyonga zangu hufunguka njiani kuliko kwenye mkeka.

Chakula sitasema mengi, tumebarikiwa. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutupa protini na kalsiamu, migebuka ipo, maharage ya Kasulu yapo. Tunachoangalia ni tumbo lisiwe limejaa, saa mbili hivi baada ya kula, na mtu asije na njaa ya tangu asubuhi kwa kutaka kupungua. Mikono inayotetemeka kwa njaa haina kazi juu ya bomba. Mwezi wa Ramadhani wenzetu wa Ujiji hufanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha kabla ya futari, na nguzo wanaigusa usiku baada ya chakula kutulia, au wanaiacha kabisa mpaka Idi. Siku za hedhi kila mtu anajiamulia. Wapo wanaojisikia vizuri wakijitikisa, wapo wanaotaka kulala, na hakuna anayeulizwa sababu.

Mama anayenyonyesha alikuja akitaka kurudisha tumbo haraka. Muuguzi alimwambia kwanza akapimwe alikojifungulia. Aliporuhusiwa, kwa majuma mengi hakupanda popote. Alilala chali, akipumua mpaka mbavu zifunguke pembeni, na kila akitoa pumzi akikaza misuli ya chini, ile ya kuzuia mkojo, kisha akiilegeza kabisa. Akiinua kichwa tulikuwa tunatazama katikati ya tumbo: likichongoka kama tuta kutoka kitovuni kwenda juu, zoezi hilo bado ni zito kwake, tunapunguza. Mwili wa mama hubaki na ulegevu wa ujauzito kwa kipindi, kwa hiyo kujinyoosha kwa kina tulikuweka kando. Juzi amekaa kwenye nguzo kwa mapaja peke yake, mikono ameiachia, mtoto akiwa kwenye mkeka kwa mwalimu. Alikuwa analia na kucheka, nasi tukimpigia vigelegele mpaka majirani wakaulizia harusi.

Dada zangu wa Kasulu, Kibondo na Uvinza mnaouliza mtaanzaje bila nguzo, anzeni na vitu vitatu. Tawi imara la mwembe la kuning'inia sekunde kumi kumi, mabega yakiwa chini, mbali na masikio. Mkeka wa lile zoezi la goti nililolieleza. Na ukuta wa kusukuma kwa mikono mpaka muweze kujisukuma kutoka sakafuni. Mkiyashika hayo kwa miezi michache, mkipita Mwanga mkaribie uani. Mje na kaptula, taulo kavu, na ngozi isiyopakwa mafuta.